Kisiwa cha Jikoni Chenye Baraza: Matofali Mawili, Visigino vya Mama na Bao Lililopasuka

Mama alikaa, akala ugali wake, akanywa chai, kisha akashindwa kuinuka. Alishika ukingo wa meza, akajisukuma mara mbili, akarudi chini. Mara ya tatu nilimshika mkono. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Mwanangu, kiti kizuri, ila kimeninyima miguu yangu." Nilikuwa nimekaa wiki tano najenga hicho kiti, nimekipima juu, chini na pembeni, na urefu wake ulikuwa sahihi kabisa. Usiku ule nililala nikitafuta maana ya maneno yake.

Naandika kisa hiki chote, pamoja na sehemu nilizobomoa, kwa sababu picha za visiwa vya jikoni, yaani kaunta zinazosimama katikati ya jiko, ziko tele, na karibu zote zinaonyesha stuli ndefu zimepangwa kando ya kaunta. Mtu akizifuata atapata jiko zuri ambalo nusu ya watu wa nyumba hawawezi kukaa.

Nyumba iko Tanga. Jiko letu lina m 4.2 kutoka ukuta wa dirisha hadi ukuta wa pili, na m 3.6 kwa upande mwingine. Kaunta moja tu ya sm 60 chini ya dirisha, sinki, jiko la gesi, na eneo kubwa la vigae lililobaki tupu. Eneo hilo ndilo lililokuwa meza yetu. Mama, mwenye miaka 71, alikaa kwenye kibao akichambua mchele. Mke wangu alisimama akikatakata vitunguu, uso umeelekea ukutani. Watoto wakazunguka katikati wakiruka masinia. Wanawake wawili jikoni, mmoja chini, mmoja juu, wanaongea bila kuonana. Hilo ndilo nililotaka kuliondoa. Mbao zilikuja baadaye.

Wazo la kwanza lilikuwa kaunta ya kusimama yenye stuli. Hesabu zake zinajulikana: kaunta ya sm 90 inataka stuli ya sm 62 hadi 65, na ya sm 105 inataka stuli ya sm 75 hivi, ili kati ya kalio na meza ibaki nafasi ya sm 25 hadi 30 kwa ajili ya mapaja. Sasa mwambie mama mwenye magoti mabovu apande sm 65. Au mtoto wa miaka minne. Stuli ni kiti cha mtu mzima mwenye afya anayekula haraka na kuondoka.

Jibu nililikuta barazani. Kwa majirani zetu wazee, na katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, kiti cha watu wengi si fanicha. Kimejengwa pamoja na ukuta. Lamu hata mlango una daka lake, yaani kibaraza cha kuingilia, lenye viti vya mawe pande zote mbili. Baraza halipandwi wala halivutwi, na anayechelewa husogezewa nafasi. Basi kisiwa changu kingekuwa ukuta mfupi: upande mmoja kaunta ya kusimama ya sm 90, upande wa pili benchi la sm 45 linaloegemea mgongo wa kaunta hiyo. Mbele ya benchi ningeweka meza nyepesi inayohamishika.

Hesabu ya sakafu niliichora kwa chaki, na kila mwanafamilia akapita juu yake akibeba sufuria. Kutoka ukuta wa dirisha: kaunta iliyopo sm 60, njia ya kufanyia kazi sm 105, kisiwa sm 60, egemeo sm 6, benchi sm 44, kisha meza sm 65 inayoingia juu ya benchi kwa sm 5. Zinabaki sm 85 za kupita hadi ukuta wa pili. Kwa urefu, kisiwa sm 180 katikati, sm 90 kila upande. Ile njia ya sm 105 niliipigania. Mke wangu alitaka ipungue ili meza ipate nafasi zaidi, lakini tulipofungua mlango wa friji kwa pamoja na mlango wa kabati tuliouchora kwa chaki, akakubali mwenyewe. Chini ya sm 90 watu wawili hawapishani jikoni bila mmoja kugeuka ubavu, na mmoja wao huwa kabeba maji ya moto.

Hapo kwenye chaki ndipo tulipofuta jambo moja kubwa. Nilikuwa nimepanga kuhamishia jiko la gesi kwenye kisiwa, kama picha nyingi zinavyoonyesha. Mke wangu alikaa kwenye ndoo mahali pa benchi, akanitazama, akauliza, "Mafuta ya kukaangia yakiruka, yanatua wapi?" Yanatua kisogoni kwa aliyekaa. Benchi la sm 45 na kaunta ya sm 90 maana yake ukingo wa kaunta uko chini kidogo ya mabega ya mtu mzima, na mtoto anakuwa kichwa tu. Hakuna mjadala baada ya hapo. Kuna pia habari ya mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, na kabati lililofungwa pande zote hulijaza kama maji yanavyojaza karai. Ukiwa ni lazima uufiche mtungi kabatini, kabati litobolewe chini kabisa, usawa wa sakafu, na tundu litoke nje ya nyumba. Wetu ulibaki ulipokuwa. Kisiwa kikawa cha kukata, kukanda na kupakua, na visu vikapata droo upande wa kusimama tu, mbali na mikono ya waliokaa.

Urefu wa benchi nilitafuta kwa matofali. Tofali la inchi 6 tunalotumia lina inchi 9 kwenda juu, kwa hiyo mawili yakisimamishwa moja juu ya jingine yanatoa inchi 18, karibu sm 46. Nilipanga nguzo mbili hivyo, nikalaza ubao juu yake, Mama akakaa. Miguu ikaning'inia kidogo. Nikalaza tofali la juu kwa ubavu badala yake, nikaongeza mbao chini ya ubao mpaka tukafika kama sm 45, nyayo zikatua. Akainuka, akakaa, akainuka tena bila shida. Nikaandika ukutani kwa penseli: 45. Nilifurahi sana na jaribio lile. Kosa langu lote lilikuwa ndani yake, na sikuliona.

Kitako, yaani msingi mfupi wa chini, nilikijenga kwa saruji. Fundi mmoja mzee, jirani yetu, ndiye aliyenishauri: "Jikoni kwetu sakafu inamwagiwa maji. Ukiweka plaiwudi chini, unaiozesha." Ni kweli. Sakafu yenyewe ina mwinuko wa kupeleka maji mlangoni. Pimamaji ilionyesha tofauti ya mm 12 kwa urefu wa kisiwa. Tofali moja la ubavu, plasta, vigae vya mabaki, na sehemu ya juu kusawazishwa kwa udongo wa saruji hadi povu la pimamaji likae katikati. Kitako cha namna hiyo kinazuia maji, kinazuia mchwa, na kinaondoa hofu ya kisiwa kupinduka watoto wakisimama kwenye ukingo wa benchi. Upande wa kusimama nilikirudisha ndani sm 8 ili vidole vya miguu vipate pa kuingia; bila hivyo mtu husimama mbali na kaunta akiinama, na mgongo humlipa jioni. Upande wa benchi sikukirudisha. Nilitaka benchi lishuke wima mpaka chini, zito, kama baraza la mawe.

Sanduku la kisiwa nililitengeneza kwa plaiwudi ya mm 18, ile inayostahimili maji, karatasi tatu za kawaida za sm 122 kwa 244. Nilimpa mwenye duka orodha ya vipimo akakata kwa mashine yake, kwa sababu msumeno wa mkono hauendi wima kwenye urefu wa sm 180, walau si mkononi mwangu. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, niliikataa mapema. Ni nzuri kwa rangi na ni laini kukata, lakini ukingo wake ukinywa maji huvimba na haurudi, na hewa yetu ya pwani peke yake inatosha kuutesa. Kila kiungo kilipata gundi na skrubu za mm 50, zikitanguliwa na tundu la drili ili plaiwudi isichanike, na gonia, kifaa cha kupimia pembe, likakagua kila pembe kabla gundi haijakauka. Kisha nikapima kutoka kona hadi kona, mshazari mmoja na wa pili. Vipimo vikilingana, pembe za sanduku ni mraba. Vyangu vilitofautiana mm 4. Nilivuta kwa kamba, nikakaza kwa kijiti, vikalingana.

Benchi ni sanduku la pili, sm 180, lenye kuta za ndani kila baada ya sm 60, limefungwa kwenye mgongo wa kisiwa kwa skrubu. Kuta hizo ndizo zinazobeba watu. Kikalio cha mtiki wa inchi moja hakiwezi kulala peke yake sm 180 bila kunepa. Wanakaa watu wazima watatu, kila mmoja sm 60 zake. Egemeo ni mbao zilizochongwa kama kabari ndefu, unene sm 6 zinapogusa kikalio, zikiisha kabisa zinapofika juu. Mteremko huo mdogo ndio unaotofautisha kukaa na kuegemea ukuta wa hospitali. Sikuweka kifuniko cha kufungua juu kama sanduku, japo wengi hufanya hivyo, kwa kuwa kila ukitaka kitu, wote waliokaa wanasimama. Niliweka droo mbili za kuvutwa kutoka ncha za benchi, moja kila upande, zikiteleza juu ya reli za mbao zilizopakwa nta ya mshumaa. Chumba cha katikati kikabaki kwa ajili ya mbuzi ya nazi, kinu na mchi.

Tukarudi kwenye ile jioni ya chai.

Asubuhi yake nilimwomba Mama akae tena, nikajilaza sakafuni na kutazama miguu yake. Mtu anapotaka kuinuka hufanya moja kati ya mambo mawili, au yote mawili: anavuta visigino nyuma, chini ya makalio, na anainamisha kifua mbele. Uzito ukifika juu ya nyayo, magoti yanafanya kazi ndogo. Mama alikuwa anavuta visigino na vinagonga ubao. Mbele yake kifua kinagonga meza. Kile kiti kilimfungia njia zote mbili, na kilichobaki ni nguvu ya mapaja, ambayo kwa umri wake hana. Ndiyo maana ya "kimeninyima miguu yangu".

Nikakimbilia kulinganisha na baraza la jirani. Nalo ni zito, limeshuka wima mpaka chini, na wazee huinuka pale kila siku. Lakini mbele ya baraza hakuna meza. Mzee anainama mpaka paji la uso linapita magoti, anashika fimbo, anaondoka. Nilikuwa nimechukua umbo la baraza nikaliongezea meza, nikavunja kitu kilicholifanya lifanye kazi. Na jaribio la matofali? Nguzo mbili zilikuwa pembeni. Katikati, chini ya ubao, palikuwa wazi. Visigino vya Mama viliingia nyuma bila yeye wala mimi kujua. Nilipima urefu nikaandika 45 ukutani, na ule uwazi ambao ndio uliomwinua sikuuandika popote.

Nilitoa ubao wa mbele, nikachukua tindo na nyundo, nikavunja kitako cha benchi nilichokiwekea vigae kwa mikono yangu wiki tatu kabla. Kuta za ndani nilizikata mshazari, ubao wa mbele ukaanzia chini ya ukingo wa kikalio na kurudi ndani sm 14 unapofika chini. Kukata kitako peke yake kusingetosha, maana si kisigino tu kinachorudi, ni muundi mzima unaolala. Droo zilipungua upana, zikabaki sm 26. Sijutii hata sentimita moja. Meza nayo niliishusha kutoka sm 75 hadi 72, na fremu yake nikaiacha kwenye ncha tu ili mapaja yasibanwe. Huo urefu wa 72 ulikuwa na faida ambayo sikuipanga: Mama sasa anasukuma chapati akiwa amekaa. Ukiwa na meza ya 75 mabega yanapanda kila unapokandamiza kifimbo. Ikishuka kidogo, uzito wa mwili unaingia kwenye donge.

Alipokaa mara ya kwanza baada ya marekebisho, alivuta visigino, akasukuma meza nyepesi kwa kiganja, akasimama. Kisha akakaa tena makusudi.

Bao la juu lina kisa chake, na hiki ni cha haraka yangu. Nilinunua mtiki. Tanga tunao karibu. Shamba la miti la serikali la Longuza liko Muheza, na mti wenyewe ulipandwa nchini tangu zama za Wajerumani. Nilidai risiti na kibali cha kusafirishia, na naomba kila mjenzi afanye hivyo, maana mbao isiyo na karatasi ina msitu ulioporwa nyuma yake. Nilichagua kiini cha rangi ya kahawia na kukataa mbao zenye ukingo mweupe. Ule weupe mchwa wanaula kama mti mwingine wowote. Hadi hapo nilikuwa sawa.

Ila ilikuwa Mei, masika, na mbao zilikuwa zimesimama uani kwa muuzaji. Nilipaswa kuzipanga ndani kwa vijiti katikati, hewa ipite, wiki tatu au zaidi. Nilizipa siku sita. Nikaziunga ubavu kwa ubavu, upana sm 62, kwa gundi na kabari: mbao mbili zimepigiliwa juu ya sakafu ya karakana, bao katikati, kabari zikigongwa mpaka gundi itoke kama shanga kwenye kila kiungo. Kazi ilikuwa safi. Kisha nikalifunga juu ya sanduku kwa skrubu kumi, kila moja imekazwa mpaka mwisho, nikidhani nguvu ndiyo uimara.

Agosti, kusi likivuma na hewa imekauka, tulisikia mlio jikoni usiku. Ufa wa mm 3 kwenye ncha, ukaingia ndani sm 40 kufuata kiungo.

Mbao haifi ikikatwa. Inaendelea kunywa na kutema unyevu. Kwa urefu haibadiliki sana. Kwa upana, mtiki, ambao ni miongoni mwa mbao tulivu tulizonazo, hupungua kama asilimia 0.2 kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayotoka. Bao la sm 62 likipoteza asilimia 4, linapungua karibu mm 5. Skrubu zangu kumi ziliziambia hizo mm 5 zisiende popote. Kitu kimoja kilibidi kiachie, na gundi ilikuwa na nguvu kila mahali isipokuwa pale nchani.

Nilimwita yule fundi mzee. "Shikamoo mzee, bao limenipasukia." Alipitisha kidole kwenye ufa. "Marahaba. Halijapasuka, limepumua. Wewe ulilifunga pua." Tulilitoa, tukalipasua kiungo chote kwa msumeno, tukapiga randa kingo mbili, tukaliunga upya, safari hii mbao zilikuwa zimekaa ndani miezi mitatu. Mihimili ya kufungia tuliitoboa matundu marefu, mm 12 kuelekea upana, skrubu na washa chini yake, zimekazwa hadi kushika na kuishia hapo. Skrubu za mstari wa katikati pekee ndizo zina matundu ya mviringo, ili bao lipanuke sawasawa pande zote. Upande wa benchi nililisawazisha na egemeo, bila kutokeza, na ukingo nikauviringisha kwa msasa, maana ndipo mgongo wa mtu mrefu unapofika.

Vanishi niliiweka kwenye benchi na egemeo. Bao la juu, linalogusa unga na mboga, lilipata mafuta ya kitani, mikono minne myembamba, kila mmoja ukipewa siku kadhaa kukauka. Neno moja hapa, na ni zito: matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa kwenye kona hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yangu niliyaloweka kwenye ndoo ya maji, kisha nikayaanika yamekunjuliwa kwenye uzio mpaka yakawa makavu kama karatasi.

Mwaka wa pili sasa. Droo ya upande wa mlango hukaza masika ikifika, na nta ya mshumaa huipunguzia tu. Meza huondolewa Ijumaa mchana, wageni wakiwa wengi, mkeka ukatandikwa mbele ya benchi, wengine chini, wengine juu, migongo ya wote ikiwa na pa kuegemea. Mei nilipima upana wa bao la juu kwa futi ya chuma: sm 62.2. Mwisho wa Agosti nikapima tena: 61.9. Nikaingia chini na tochi. Alama za washa zilionyesha wazi mahali zilipokuwa na mahali zilipohamia, na bao lilikuwa zima.